El-Hajj Malik El-Shabazz: alimwacha kiongozi, hakumwacha Mungu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetukutanisha tena siku hii ya Ijumaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Tunaziusia nafsi zetu na zenu kumcha Mwenyezi Mungu. Amma baad.

Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Malcolm X. Picha yake vijana wanaivaa kifuani, na wanamjua kuwa mtetezi wa watu weusi wa Marekani. Lakini habari ya dini yake ni wachache wanaoijua vizuri, na humo ndimo lilimo funzo kubwa kwetu.

Mara nyingi mtu huletwa kwa Mungu kwa mkono wa mtu mwingine. Huyo humfundisha, humwonya, humvua ulevi, humpa ndugu na kazi. Je, siku akigundua kwamba aliyemleta amepotea, afanye nini? Wako wanaotoka wakatupa na sala pamoja na kundi. Wako wanaobaki ilhali moyo umekwisha kutoka zamani, kwa sababu wanaogopa njaa na upweke. Malcolm hakufanya hili wala lile. Tusikilize habari yake.

Utoto na jela

Malcolm Little alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewafundisha watu weusi kuipenda asili yao ya Afrika. Mama yake, Louise, alizaliwa katika kisiwa cha Grenada. Mwaka 1931 baba aligongwa na tramu mjini Lansing akafa, na jamaa wengi waliamini kwamba wazungu wabaguzi ndio waliomuua. Mama akabaki na watoto na umaskini. Mwaka 1939 akili yake ilizidiwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo zaidi ya miaka 20. Watoto wakagawanywa huku na huku.

Malcolm alikuwa hodari darasani. Alipomwambia mwalimu wake kwamba anataka kuwa mwanasheria, mwalimu akamshauri aachane na ndoto hiyo, kwa kuwa ni mweusi, ajifunze useremala. Kijana akavunjika moyo. Akahamia Boston kwa dada yake Ella, kisha akaingia Harlem, New York. Huko akazama katika bangi, kamari na wizi. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 20, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 10 kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba.

Jela ikawa shule yake. Alinakili kamusi kwa mkono, neno baada ya neno, ili apate maneno ya kusomea vitabu. Usiku taa zikizimwa, aliendelea kusoma kwa mwanga uliopenya kutoka kwenye ujia. Na huko huko jela ndiko ndugu zake walikomwandikia habari ya dini waliyoingia. Mdogo wake Reginald alimwambia aache nyama ya nguruwe na sigara, naye ataonyeshwa njia ya kutoka jela. Malcolm akaacha vyote viwili, akajiunga.

Jumuiya aliyoingia

Jumuiya hiyo iliitwa Nation of Islam, maana yake Taifa la Uislamu. Ilianzishwa mjini Detroit mwaka 1930 na mtu aliyejiita Fard Muhammad, ambaye alitoweka mwaka 1934. Baada yake akaongoza Elijah Muhammad. Ndugu Waislamu, tuseme wazi: mafundisho yake hayakuwa Uislamu aliotuletea Mtume wetu (s.a.w.). Walifundishwa kwamba Fard ndiye Mungu aliyekuja katika umbo la mtu, na kwamba Elijah ni mjumbe wake. Walifundishwa kwamba wazungu wote ni mashetani kwa maumbile yao. Walifunga mwezi wa Desemba badala ya Ramadhani. Mahekalu yao yalikuwa na viti kama kanisa.

Lakini Uislamu unatuamuru kusema haki hata juu ya wale tusiokubaliana nao. Jumuiya hiyo iliwatoa watu wengi katika pombe, madawa na uasherati. Iliwaingia walevi na wafungwa ambao hakuna aliyewataka. Iliwafundisha usafi, kuvaa kwa heshima, kula mara moja kwa siku, kufanya biashara zao wenyewe. Na kwa mtu mweusi wa Marekani wakati ule, kuambiwa kwamba yeye ni mtu kamili ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu.

Ukali wake pia ulikuwa mkubwa. Aliyevuta sigara, aliyezini, aliyemsema kiongozi, alihukumiwa kutengwa. Wakati wa kutengwa, hakuna muumini aliyeruhusiwa kuongea naye, hata akiwa wa tumbo moja naye.

Malcolm alitoka jela mwezi wa Agosti 1952. Aliacha jina la Little, kwa kuwa lilikuwa jina la bwana wa watumwa, akachukua X badala ya jina la ukoo wa Kiafrika lililopotea. Mwaka 1954 alipewa hekalu la Harlem, Hekalu namba 7. Akaanzisha mahekalu mengine mji hadi mji, akaanzisha gazeti la jumuiya, akawa sauti yake kote Marekani. Mwaka 1958 alimwoa Betty, mfuasi wa hekalu lake mwenyewe. Hakujiwekea mali. Hata nyumba aliyoishi mtaa wa East Elmhurst, New York, iliandikwa kwa jina la jumuiya. Alimwamini Elijah Muhammad kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Reginald

Hapa tusimame kidogo. Wakati Malcolm bado yuko jela, Reginald, yule yule aliyemwonyesha njia, alikosa, akatengwa na jumuiya kwa sababu ya uhusiano na mwanamke. Malcolm alimwandikia Elijah barua ya kumwombea mdogo wake. Jibu lilipokuja la kumkatalia, Malcolm alilikubali. Reginald alipokwenda kumtembelea jela, kaka yake alimwonyesha ubaridi. Baadaye Reginald alirukwa na akili. Malcolm alisema moyoni kwamba hiyo ni adhabu ya Mungu.

Miaka mingi ikapita. Katika kitabu cha maisha yake, alichomsimulia mwandishi Alex Haley na kikachapishwa mwaka 1965 baada ya kifo chake, Malcolm alieleza kwamba amekuja kufahamu jambo lingine. Haikuwa adhabu ya Mungu. Ni uchungu wa kijana aliyetupwa na ndugu zake wote kwa ajili ya mtu mmoja, Elijah Muhammad. Aliyafahamu haya baada ya kikombe hicho hicho kumfikia yeye.

Ufa katika ukuta

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na minong'ono kwamba Elijah Muhammad amezaa nje ya ndoa na makatibu wake, wasichana wa jumuiya. Malcolm alikataa kusikia. Jumuiya hii iliwatenga watu kwa zinaa, je, mkuu wake angewezaje? Mwaka 1963 aliamua kuuliza. Alizungumza na Wallace, mtoto wa Elijah mwenyewe, na alizungumza na wanawake wenyewe. Alikuta ni kweli. Alipomkabili Elijah, mzee hakukana. Alijilinganisha na manabii wa zamani, kana kwamba unabii ni ruhusa ya kutenda machafu. Tunajikinga kwa Mwenyezi Mungu na uzushi huo juu ya Mitume wake.

Malcolm bado hakutoka. Alitafuta katika vitabu namna ya kuufunika mwiba huo, ili waumini wasivunjike moyo. Mtu akishamjengea mwenzake nyumba nzima ndani ya moyo wake, si rahisi kuibomoa kwa siku moja.

Tarehe 22 Novemba 1963 Rais Kennedy aliuawa. Elijah aliwakataza wahubiri wake wasiseme lolote. Tarehe 1 Desemba Malcolm aliulizwa, akajibu kwamba yaliyompata rais ni mavuno ya ukatili ambao Marekani iliupanda wenyewe. Kwa neno hilo alinyamazishwa siku 90. Alitii. Lakini siku zilivyopita aliona kwamba mlango haukufungwa kwa siku 90 tu. Ndugu walikuwa wamekwisha amriwa kumwepuka, na habari zikamfikia kwamba wapo wanaozungumzia kumuua.

Kutoka

Tarehe 8 Machi 1964 Malcolm X alitangaza kwamba ametoka. Alikuwa na miaka 38, mke, na watoto watatu wa kike, na Betty alikuwa na mimba ya mtoto wa nne. Hakuwa na akiba. Jumuiya ilimpeleka mahakamani ili airudishe nyumba. Kaka yake Philbert, naye mhubiri wa jumuiya, alisimama mbele ya waandishi wa habari kumshutumu. Gazeti lile alilolianzisha kwa mikono yake likamwita msaliti na mnafiki.

Kijana mmoja mashuhuri alikuwa rafiki yake wa karibu: Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, yule tuliyempokea hapa kwetu Kinshasa mwaka 1974. Mwezi wa Mei 1964 walikutana mjini Accra, Ghana. Ali alimgeuzia mgongo, kwa kuwa ndivyo jumuiya ilivyoagiza.

Basi mtu wa namna hii, aliyepoteza kazi, nyumba, kaka na rafiki kwa mkupuo mmoja, angeweza kusema kwamba dini yote ni udanganyifu. Wengi wangemwelewa. Yeye alifanya nini? Siku chache tu baada ya kutoka alifungua msikiti mdogo na wachache waliomfuata. Akatangaza kwamba yeye bado ni Mwislamu. Halafu akafanya jambo zito zaidi kwa mtu mkubwa: akarudi kuwa mwanafunzi.

Mhubiri asiyejua kusali

Kwa miaka mingi, wanafunzi wa Kiarabu na Waislamu wa nchi nyingine waliokuwa Marekani walimwambia kwa upole kwamba akiujua Uislamu wa kweli, ataupenda. Sasa alimwendea Profesa Mahmoud Shawarbi, Mmisri aliyekuwa New York, akasoma kwake. Profesa akamwandikia barua ya kumwezesha kwenda Hija. Nauli ilitoka kwa dada yake Ella, ambaye mwenyewe alikuwa anaweka pesa zake kwa ajili ya Hija, akamwachia nduguye atangulie. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Aprili 1964 alifika Jeddah akiwa amevaa ihramu. Wakubwa wa uwanja wa ndege walishuka moyo juu yake: Mmarekani huyu, ni Mwislamu kweli? Wakachukua pasi yake ya kusafiria, wakamweka pamoja na mahujaji wengine hadi mahakama ya Hija iamue. Na hapo ndipo aibu ilipomkuta. Wakati wa sala ulipofika, mhubiri huyu aliyetikisa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi hakujua namna ya kusali. Hakujua maneno ya Kiarabu. Hakuweza kukaa kikao cha tahiyatu, miguu yake haikuzoea, ikamuuma. Mutawwifu akamwelekeza kama anavyoelekezwa mtoto wa madrasa. Malcolm akaiga, akakosea, akarudia. Na jambo hili hakulificha. Alilisimulia mwenyewe katika kitabu chake, dunia nzima isome.

Kisha akakumbuka namba ya simu aliyopewa, ya Omar Azzam. Jamaa ya Azzam walimpokea, na baba wa nyumba, Abdul-Rahman Azzam, akampa chumba chake mwenyewe cha hoteli. Kadhi akamhoji, akathibitisha Uislamu wake. Mwana wa mfalme Faisal akamfanya mgeni wa serikali. Akaenda Makka, akatufu Al-Kaaba, akasimama Arafa.

Huko akaona yale ambayo hakuyatazamia. Alikula sahani moja na watu wenye ngozi nyeupe na macho ya buluu, akalala nao kwenye jamvi moja, akasali nao mbele ya Mola mmoja, na hakuona dharau machoni mwao. Sisi tunaijua sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inayotufundisha kwamba asili yetu ni moja na mbora wetu ni mcha-Mungu zaidi. Malcolm aliiona aya hiyo ikitembea kwa miguu. Akaandika barua Marekani kuwaeleza rafiki zake kwamba amelazimika kuyapanga upya mawazo yake. Kuanzia hapo akaandika jina lake El-Hajj Malik El-Shabazz.

Tuangalie vizuri, ndugu. Hakurudi akisema kwamba ubaguzi umekwisha Marekani. Aliendelea kuupiga vita kwa nguvu ile ile. Alichokiacha ni itikadi ya kwamba Mungu amewaumba watu wa rangi fulani wakiwa mashetani. Dhuluma ya mtu aliihukumu kwa matendo yake.

Afrika, na Kongo

Mwaka ule wa 1964 alitumia miezi mingi nje ya nchi yake. Mwezi wa Julai alikuwa Cairo kwenye mkutano wa marais wa Afrika, akiwaomba wafikishe mateso ya watu weusi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa. Akabaki Misri kusoma dini kwa masheikh, na akapata nafasi za masomo Al-Azhar kwa vijana wa Kimarekani, ili wengine wasije wakahubiri bila elimu kama alivyohubiri yeye. Mwezi wa Septemba alirudi tena Makka kwa Umra. Kutoka huko aliandika barua ya kumkana Elijah Muhammad waziwazi, na kutangaza kwamba yeye ni Mwislamu kama Waislamu wote wa dunia, na kwamba hatakaa tena ndani ya vazi la kubana la kundi moja.

Mwezi wa Oktoba alifika Dar es Salaam, akaonana na Rais Nyerere na Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Alikwenda Kenya pia.

Na sisi wa Kongo tuna sehemu yetu katika habari hii. Malcolm alimpenda Patrice Lumumba, akamhesabu kuwa mkubwa kuliko watu weusi wote waliowahi kutembea juu ya ardhi ya Afrika. Tarehe 24 Novemba 1964, wanajeshi wa Ubelgiji waliposhuka kwa parashuti kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, yeye alikuwa mmoja wa wachache Marekani waliolia kwa ajili ya Wakongo waliokufa bila kuhesabiwa, huku magazeti yakitaja wazungu tu. Mtoto wake wa nne alizaliwa mwaka huo huo. Alimwita Gamilah Lumumba.

Kifo

Waliomchukia hawakusamehe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1965, nyumba yake ilitupiwa chupa za moto, mke na watoto wanne wakiwa wamelala ndani. Mwenyezi Mungu akawaokoa wote. Wiki moja baadaye, Jumapili tarehe 21 Februari 1965, alisimama ukumbini Audubon, New York, akawatolea watu salamu ya amani. Wakaitikia. Punde watu wakaanzisha vurugu kwa makusudi, na wauaji wakamfyatulia risasi mbele ya mke wake na watoto wake. Alikuwa na umri wa miaka 39. Betty alikuwa na mimba ya mapacha.

Watu watatu wa jumuiya ile walihukumiwa. Mmoja alikiri, lakini akasema wale wawili hawakuhusika. Hakusikilizwa. Mwaka 2021 ndipo mahakama ya New York ilipowasafisha hao wawili, mmoja akiwa amekwisha kufa. Haki ya wanadamu huchelewa. Ya Mwenyezi Mungu haipotei.

Nyumba nyingi za ibada ziliogopa kuipokea maiti, hadi kanisa moja la Harlem likafungua mlango. Lakini Sheikh Ahmed Hassoun, Msudani aliyekuja kufundisha katika msikiti wake, aliuosha mwili na kuuvisha sanda, na akasaliwa kama anavyosaliwa Mwislamu. Tarehe 27 Februari walimzika Ferncliff, nje ya mji wa New York. Rafiki zake walipowaona wachimba kaburi wazungu wamesimama wakingoja, walichukua sepetu wakafukia wenyewe. Juu ya kaburi liliandikwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz.

Yaliyofuata

Mwaka ule ule wa 1965 mjane wake, Betty, alikwenda Hija.

Elijah Muhammad alikufa mwaka 1975. Uongozi ukashikwa na mwanawe Wallace, yule yule aliyezungumza na Malcolm, ambaye naye aliwahi kutengwa. Wallace, aliyejulikana baadaye kwa jina la Warith Deen Mohammed, aliwageuza wafuasi. Akaondoa viti, watu wakasujudu chini. Akaondoa itikadi ya Mungu-mtu na ya mashetani weupe. Wakafunga Ramadhani. Hekalu namba 7 likawa msikiti wenye jina la Malcolm Shabazz. Wengi wa wale waliomsusa wakaishia kwenye njia aliyopita yeye miaka kumi kabla yao. Wachache walirudisha jumuiya ya zamani chini ya Louis Farrakhan.

Muhammad Ali naye aliufuata Uislamu wa kweli. Mwaka 2004 aliandika kwamba kumgeuzia Malcolm mgongo ni moja ya mambo anayoyajutia zaidi katika maisha yake. Lakini Malcolm alikuwa kaburini miaka 39, umri ule ule alioishi duniani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusimwabudu mtu. Mtume wetu (s.a.w.) alipofariki, Abu Bakr (r.a.) aliwakumbusha masahaba kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mungu ajue Mungu yu hai na hafi. Ikiwa ni hivyo kwa Mtume, itakuwaje kwa sheikh, imamu au mkubwa wa jumuiya? Tuwaheshimu, tuwasikilize, tuwaombee dua. Lakini imani yetu isitundikwe kwenye msumari wa mtu, kwa maana msumari ukidondoka, vyote vinadondoka.

Pili, aliyekosewa na watu wa dini asimkosee Mungu. Wapo kati yetu waliodhulumiwa msikitini, walionyimwa haki, waliosingiziwa. Wakaacha msikiti, na kwa kuacha msikiti wakaacha sala. Malcolm aliona uchafu wa kiongozi wake kwa macho yake, akatengwa, akatishiwa kuuawa. Lakini aliyajua mema aliyoyapata kule: hakurudi kwenye pombe, hakurudi kwenye wizi. Alichukua nafaka, akapepeta makapi.

Tatu, kujifunza si aibu. Ikiwa mtu mashuhuri wa miaka 38 alikubali kuelekezwa namna ya kukaa katika sala, wewe mwenzetu unayeona haya kuuliza udhu kwa sababu una mvi, unaogopa nini?

Nne, na hili ndilo zito. Tujiulize tunawafanyia nini wanaoondoka kwetu. Katika miji yetu msikiti hugawanyika kwa sababu ya uongozi, upande huu hausalimii upande ule, harusi haziendewi, hata maziko yanaachwa. Mtume (s.a.w.) alikataza Mwislamu kumsusa nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni anayeanza salamu. Siku tatu, ndugu zangu! Sisi tunahesabu miaka. Malcolm alimsusa Reginald akidhani anamtii Mungu. Philbert na Ali wakamfanyia yeye vile vile wakidhani hivyo hivyo. Wote walikuja kuona, lakini kaburi halipokei salamu ya kuomba radhi.

Basi Ijumaa hii, kabla hujalala, mtafute yule aliyetoka kwenu. Usimwulize kwa nini alitoka. Mpe salamu, mwulize hali ya watoto.

Ewe Mola wetu, mrehemu mja wako Malik na umsamehe. Waunganishe Waislamu wa Kongo, uondoe chuki vifuani mwetu. Wape amani ndugu zetu wa mashariki wanaokimbia vita. Utuonyeshe haki tuifuate, utuonyeshe batili tuiepuke, wala usiufanye moyo wetu kuwa mtumwa wa yeyote asiyekuwa Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Ndugu msomaji, ukimaliza karatasi hii mpe jirani yako. Usiitupe chini, kwa kuwa ina jina la Mwenyezi Mungu.